Kuunganisha makazi kwenye Fallout 4: wachukuzi, roboti, kituo cha modi au Sim Settlements 2?

Chukudu_Ndosho (Goma)

Jambo bandugu. Nina swali kwa wanaocheza Fallout 4 yenye modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji), hasa wale ambao ramani yao imeshajaa makazi. Kwangu Sanctuary Hills inafurika maji, Graygarden inafurika mboga, halafu Hangman's Alley ni kichochoro tu, udongo wa kupanda ni kidogo mno. Nataka mali ya kila mahali itumike kila mahali. Lakini njia ni nyingi, na kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu anasifu ya kwake.

Nilizoziona ni hizi. Kuna njia ya mchezo wenyewe: unachukua kipaji cha Local Leader (kinataka Charisma 6, ile sifa ya ushawishi), unachagua mkazi, unamtuma, anageuka mchukuzi na kuanza kuzunguka na ng'ombe wake wa vichwa viwili. Kuna kazi hiyohiyo ukimpa roboti wa Automatron, nyongeza rasmi ya mchezo ya kujenga roboti. Kuna modi ndogo ya kituo, IDEK's Logistics Station, inayounganisha makazi bila mtu kutembea barabarani. Na kuna wanaosema hamia Sim Settlements 2 (SS2) kabisa, modi kubwa ya makazi, uiachie hesabu.

Laptopu yangu ni ya kawaida, RAM 8, kadi ya picha ya zamani. Naomba mlinganishe. Na kwanza mtu aeleze ni nini hasa kinagawanywa, maana hapo ndipo watu wanabishana bila kusikilizana.

MwanaKadutu (Bukavu)

Hapo kwenye sentensi yako ya mwisho ndipo pa kuanzia. Wengi wanachagua njia kabla hawajajua kinachopita ndani yake.

Malighafi kwanza: chuma, mbao, shaba, gundi, yote yanayotoka kwenye skrepu, vitu chakavu unavyookota. Ukiunganisha makazi mawili, ukawa unajenga kwenye la pili, mchezo unahesabu pia kilichomo kwenye karakana, yaani sanduku la benchi la ujenzi, ya lile la kwanza. Lakini hakuna kitu kinachosafiri. Fungua sanduku la la pili, hukioni. Una ruhusa ya kukitumia, huna uwezo wa kukishika. Ndiyo sababu bunduki uliyohifadhi Sanctuary huwezi kuichukua ukiwa makazi ya The Castle, hata kama wachukuzi wako wamejaa barabara nzima.

Chakula na maji vinakwenda kwa namna nyingine. Mara moja kwa siku ya mchezo, makazi yenye upungufu yanachota kutoka kwenye masanduku ya makazi yaliyounganishwa nayo. Na kinachochotwa ni vitu vyenyewe: chupa za maji safi, mahindi, tato (zao la kubuniwa la mchezo). Ile namba unayoiona juu ya skrini ni uzalishaji wa hapo hapo tu. Kwa hiyo Hangman's Alley inaweza kukuonyesha chakula kwa rangi nyekundu na watu wake wakawa wanakula kila siku bila shida.

Geuza upande wa pili sasa: ukizoa chupa zote za Sanctuary ukaenda kuziuza Diamond City, wale wa kichochoroni watalala na kiu, hata kama mashine yako kubwa inatoa maji 40. Watu wanalaumu modi, kumbe wameuza maji ya jirani.

Ulinzi, vitanda na umeme havigawanywi kabisa. Kila makazi na mizinga yake.

Na si lazima kila makazi yashikane na kila makazi. Ya kwanza ikishika ya pili, ya pili ikashika ya tatu, zote tatu ni mtandao mmoja. Makazi 10 yanataka njia 9, uzipange mnyororo au uzielekeze zote katikati, hesabu haibadiliki.

Chukudu_Ndosho (Goma)

Yaya, hapo kwenye chupa umenifumbua macho. Mimi maji ndiyo biashara yangu, ndiyo yananunua risasi. Sasa nifanye nini, niache kuuza?

Mama_Karakana (Bukavu)

Uza, mdogo wangu, lakini kwa akili. Kuna kikomo cha kuhifadhi ambacho mchezo haukwambii popote. Kwenye mchezo usioguswa, sanduku la karakana likiwa na maji zaidi ya 5 pamoja na 1 kwa kila wakazi 4, siku hiyo uzalishaji hauongezi chupa. Chakula kikomo chake ni 10 pamoja na 1 kwa kila mkazi. Skrepu ni 100 pamoja na 5 kwa kila mkazi. Sanduku likiwa chini ya kikomo, ziada yote ya siku inaingia kwa mkupuo. Likiwa juu, sifuri.

Maana yake, kuacha chupa zirundikane ndani ya karakana ni kujinyima. Zihamishe ziende kwenye kabati la kawaida pembeni, kabati halihesabiwi. Lakini usisafishe sanduku mpaka chini. Piga hesabu ya upungufu wa makazi yako makavu. Kila mkazi anakula 1 na kunywa 1 kwa siku. Kama Hangman's Alley ina watu 12 na maji 3, upungufu ni 9. Basi acha chupa kama hizo kwenye mtandao kabla ya kwenda sokoni.

Halafu maji si kitu cha kusafirisha kama unaweza kuepuka. Pampu ya mkono inatoa 3, haitaki umeme, inataka kipande kidogo tu cha udongo. Weka pampu hapo hapo kichochoroni, mtandao uuachie chakula. Anayetegemea mtandao kwa vyote viwili ni kama mtu anayeingia likelemba, ule mchango wa pesa wa zamu, akiwa wa kupokea tu.

Ukiweka Workshop Framework, vile vikomo unavibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio. Modi hiyo utaihitaji hata hivyo ukija kwenye SS2.

Kamalondo_K (Lubumbashi)

Bakubwa, mimi naleta upande wa SS2, maana naona bado haujasemwa.

Sim Settlements 2 haikusaidii kuunganisha tu, inabadilisha kazi yako yote. Hujengi tena ukuta kwa ukuta. Unaweka plot, yaani kiwanja: ya makazi, ya kilimo, ya viwanda, ya biashara, ya ulinzi, ya manispaa, ya starehe. Wakazi wanajenga wenyewe, jengo linapanda ngazi lenyewe mali ikiwepo. Humo kwenye manispaa njo kuna Caravan Services, ni plot ya mambo ya misafara. Na mali ya SS2 ina hesabu yake ya pembeni, si lile sanduku la karakana unalolijua. Mtu aliyezoea kufungua sanduku na kuhesabu chuma atachanganyikiwa wiki ya kwanza.

Faida: makazi yanaacha kuwa mzigo. Unaenda zako vitani, unarudi unakuta kijiji kimekua. Ugumu wake unaurekebisha ndani ya holoteipu, kaseti ya mipangilio ndani ya mchezo: unataka gharama za ujenzi na matunzo ziwe kali, sawa, unataka vitu viwe bure, sawa pia. Mimi nacheza na gharama, vinginevyo mitraye (vyuma chakavu) yote ninayookota haina kazi. Sura ya pili inakupa hadi makao makuu pale Gunners Plaza, na kazi ya pale inakula mali kweli kweli.

Hasara: ni modi nzito. Kuishusha ni gigabaiti, na wewe wa Goma najua mega zinavyoisha. Halafu ni hadithi nzima, ina wahusika na misheni yake, sura ya kwanza ilitoka Oktoba 2020 na ya tatu 2023. Kama unataka tu mahindi yafike kichochoroni, hii ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi.

Jambo moja la lazima: tazama toleo la mchezo wako kabla hujashusha chochote. Sasisho la tarehe 25 Aprili 2024 lilivunja F4SE, programu ya kuendesha skripti za modi, na modi zote zinazoitegemea, zikabidi zisubiri matoleo mapya. Wengi tulibaki kwenye 1.10.163. Zima sasisho linalojiweka lenyewe, halafu soma ukurasa wa kila modi uone inataka toleo gani.

Bunduki_na_Bukari (Lubumbashi)

Kamalondo amesema vizuri ila amesahau hili: SS2 ukishaiweka usiitoe katikati ya safari. Hii ni kwa modi yoyote yenye skripti nyingi, skripti zinabaki ndani ya sevu yako. Anza mchezo mpya au acha.

Mimi niko na roboti. Roboti hali, hanywi, halali. Ukimfanya mchukuzi hupunguzi chakula cha mtu na huhitaji kitanda chake. Unamjenga mwenyewe kwenye benchi la Automatron, unamfunga silaha unazotaka, anapita barabarani akisafisha njia. Ukicheza Survival, ngazi ngumu kuliko zote, ambako huwezi kuruka kwa ramani, kukutana na roboti wako njiani wakati umezingirwa ni raha isiyo na mfano.

Mama_Karakana (Bukavu)

@Bunduki_na_Bukari ongeza na hili: furaha ya roboti imegandishwa kwenye 50. Haipandi hata umwekee baa, duka na paka. Na anahesabiwa kwenye idadi ya makazi anayotokea, ambayo kwa kawaida ni 10 pamoja na Charisma yako. Kwa hiyo ukitoa roboti watano kwenye makazi unayotaka yafike furaha 100, umejifungia mlango. Watoe wote kwenye makazi moja usiyoijali. Red Rocket inafaa kwa hilo, wengi tunaitumia kama gereji.

Bunduki_na_Bukari (Lubumbashi)

Kweli, furaha siiangaliagi. Kwangu Red Rocket ndiyo hiyo hiyo.

Himbi_Taa (Goma)

Survival? Mukubwa, Survival unasevu kwa kulala kitandani tu. Na umeme unavyokatika huku, unaua deathclaw, yule mnyama mkali, unarudi unatafuta kitanda, giza. Asante. Labda mtu awe na modi ya kurudisha sevu.

Turudi kwenye mada. Chukudu ametaja laptopu yake na hakuna aliyemjibu. Mchukuzi ni mhusika kamili: anatembea, anapigana, ana ng'ombe. Ukiwa na makazi 20 una njia 19, ni watu 19 na mifugo yao barabarani. Kwenye mashine dhaifu unasikia, hasa pale wanapokutania.

Hapo umbo la mtandao linaanza kuwa na maana. MwanaKadutu amesema mnyororo na nyota hesabu ni ileile. Hesabu ya njia, ndiyo. Lakini ukipanga nyota yenye Sanctuary katikati, wachukuzi wote wanaingia Sanctuary, mahali ambapo tayari ndipo umejenga zaidi. Ng'ombe wanasimama kwenye milango, wanaziba daraja, picha inakwamakwama. Mnyororo unawatawanya: kila makazi yanapokea wawili, yule anayetoka na yule anayefika. Ukitaka wachukuzi, panga mnyororo, na kila makazi yatume mtu kwa jirani yake wa karibu. Sanctuary kwa Red Rocket, Red Rocket kwa Abernathy, Abernathy kwa Starlight, na kuendelea kushuka.

Lakini kwa RAM 8 mimi ningechukua kituo cha modi bila kufikiri mara mbili. Unajenga kituo kwenye makazi, unaweka mkazi wa kukihudumia, basi. Hakuna anayetembea. Kinachogawanywa ni kilekile alichoeleza MwanaKadutu, usitegemee miujiza. Na faili lenyewe ni dogo, halimalizi forfe (kifurushi cha intaneti) yako.

MwanaKadutu (Bukavu)

Nakubali kuhusu msongamano. Sikubali kwamba kituo ni bora kwa kila mtu. Barabara bila wachukuzi ni kama dunia iliyokufa mara ya pili. Mimi napenda kumkuta mtu wangu karibu na Lexington akipigana na raiders (majambazi), nimsaidie, aendelee na safari. Ni mchezo wa kujenga nchi upya. Nikiondoa watu barabarani nimebaki na jedwali la hesabu.

Himbi_Taa (Goma)

Una kadi nzuri ya picha wewe.

MwanaKadutu (Bukavu)

Hahaha. Ni kweli.

Kabare_Modi (Bukavu)

Naomba nipinge jambo ambalo wote mmelichukulia kuwa sawa: kwamba kila kitu kiwe mtandao mmoja. Kwa nini?

Mimi nina mitandao miwili isiyogusana. Kaskazini: Sanctuary, Abernathy, Starlight, Tenpines Bluff, Graygarden. Kusini na pwani: The Castle na wenzake. Sababu ni malighafi. Unapojenga popote ndani ya mtandao, mchezo unachota popote. Nimekusanya alumini na nyuzi za kioo (fiber optics) kaskazini kwa ajili ya silaha, halafu naenda The Castle kujenga mizinga, nyuma yangu akiba ya kaskazini inaliwa bila kuniuliza. Hakuna onyo. Vitu vya mapambo navyo ni vilevile, kile kikombe ulichotaka kukiweka mezani kimekwisha kuvunjwa kuwa udongo wa kauri. Ukitenganisha, unajua kila upande una nini.

Kuna na sababu ya ulinzi. Wachezaji wengi wanafuata kanuni kwamba namba ya ulinzi isiwe chini ya jumla ya chakula na maji, kwa sababu uzalishaji mkubwa wenye ulinzi mdogo ndio unaovuta mashambulizi. Na ulinzi haugawanywi. Kwa hiyo ukilima kidogo kidogo kila mahali, unajenga mizinga kila mahali. Ukichagua makazi moja au mawili ya uzalishaji kwa kila mtandao, mizinga mingi unaijenga huko, kwingine unaweka ya kutosha tu. Graygarden kwa chakula kaskazini, Sanctuary kwa maji kwa sababu ya mto. The Castle ina bahari mlangoni. Ukipanda mahindi, tato na mutfruit (tunda la mchezo) mahali pamoja, hapo hapo una gundi pia: tatu tatu za kila kimoja na chupa 1 ya maji, unapika jikoni, unapata wanga unaotoa gundi 5. Gundi ndiyo inayoisha kuliko vyote kwenye mchezo huu.

Mama_Karakana (Bukavu)

Kabare, hoja ya ulinzi naichukua yote. Hoja ya malighafi nusu. Kitu unachokionea uchungu usikiweke kwenye karakana, kiweke kwenye kabati, kama chupa. Mtandao hauoni kabati. Huna haja ya kukata nchi vipande viwili kwa ajili ya alumini.

Kabare_Modi (Bukavu)

Mama, nikiweka kabatini siwezi kukitumia hata pale pale bila kukibeba mfukoni. Kila nikitaka kutengeneza bunduki nianze kufungua makabati? Mitandao miwili ni njia moja tu usiyoituma. Ni rahisi kuliko kabati.

Kamalondo_K (Lubumbashi)

Kwa anayetumia SS2 na gharama, Kabare ana haki zaidi, maana majengo yanakula mali wewe ukiwa mbali. Kwa mchezo wa kawaida, Mama ana haki.

Chukudu_Ndosho (Goma)

Asanteni sana, kweli nimepata zaidi ya nilichouliza. Nitakavyofanya: SS2 naiacha mpaka nipate mashine nyingine na niwe tayari kuanza upya. Naweka kituo cha modi kwa makazi yote ya kaskazini na Hangman's Alley kwa ajili ya laptopu. Hangman's Alley naweka pampu, chakula kitoke Graygarden. Chupa za Sanctuary nahamishia kabatini, naacha za upungufu. Kuhusu mitandao miwili, naanza na mmoja; nikiona alumini inapotea namfuata Kabare.

Swali la mwisho. Nina wachukuzi kadhaa tayari wanazunguka kwa njia ya zamani. Nikiwahitaji warudi shambani nafanyaje, lazima niwafukuze?

Himbi_Taa (Goma)

Apana. Mpe kazi nyingine tu, njia inakatika papo hapo. Mwambie alime, anakuwa mkulima. Tabu ni kumpata, kwa sababu yuko barabarani. Fungua ramani ya Pip-Boy, kompyuta ya mkononi ya mhusika wako, kuna kitufe cha kuonyesha njia za mizigo, utaona anatoka wapi kwenda wapi. Msubiri kwenye mwisho mmoja wa njia, lala saa chache, atafika. Na jenga vituo kabla ya kuwaondoa, siyo baada, la sivyo kuna siku kichochoro kitakosa chakula hapo katikati.

Bunduki_na_Bukari (Lubumbashi)

Na uwavishe nguo zinazofanana, kofia ya aina moja. Bila hivyo utampa kazi mtu mwingine kabisa, kwa sababu wakazi wa kawaida wengi wanaitwa "Settler".